Kutoka Busia hadi Bayreuth: mwongozo kamili wa kusoma na kuishi Ujerumani bila kupotea kwenye makaratasi

Tarehe 1 Oktoba 2022 nilishuka kwenye treni Bayreuth, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Bavaria, nikiwa na masanduku mawili na njaa ya safari. Ilikuwa Jumamosi usiku. Kwamba maduka ya Ujerumani hufungwa Jumapili nilikuwa nimesikia. Sikujua kwamba Jumatatu yake, tarehe 3 Oktoba, ni sikukuu ya kuungana kwa Ujerumani mbili, na maduka yanabaki yamefungwa vilevile. Siku mbili nilikula chapati ambazo mama alinifungia Busia, Uganda, na karanga za kukaanga, nikiteremshia maji ya bomba. (Yanyweni, ni salama. Nilipoteza wiki nzima nikiyachemsha.)

Tangu nirudi, wadogo zangu wa Busia, Tororo hadi Kampala hunipigia simu, na swali la kwanza huwa ni baridi. Baridi ina dawa, koti. Kinachowaangusha watu ni mpangilio wa karatasi. Kila karatasi inadai nyingine iliyoitangulia, na ukiruka moja unarudishwa nyuma ya foleni. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata karatasi zenyewe. Takwimu ni za Ujerumani, kwa kuwa huko ndiko nilikosoma. Anayekwenda Ubelgiji au Uholanzi atakuta viwango tofauti, ila sehemu ya safari itamfaa.

Hatua ya kwanza: sawazisha majina yako

Anza hapa hata kama bado hujachagua chuo. Sisi Waganda tuna mazoea na majina ambayo ofisi za Ulaya hayaziingii akilini. Mtoto haitwi lazima kwa jina la baba yake. Shuleni mwalimu anakuandika atakavyo, UNEB, baraza la mitihani, inachapisha alichoandika mwalimu, NIRA, mamlaka ya vitambulisho, inaandika ulichosema dirishani siku ile, na pasipoti inafuata NIRA. Cheti changu cha kidato cha nne (S4) kilikuwa na majina mawili, kitambulisho changu matatu, na mpangilio wenyewe ulikuwa umepinduliwa. Kwetu hapa karani anacheka na kupiga muhuri. Kule, mbele ya karani wa Ulaya, hao ni watu wawili.

Panga vyeti vyako vyote mezani: UCE ya kidato cha nne, UACE ya kidato cha sita, shahada, transkripti, kitambulisho cha taifa. Soma majina herufi kwa herufi. Kama tofauti ni ndogo, nenda kwa wakili mwandikiane hati ya kiapo inayosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kama tofauti ni kubwa, rekebisha kwanza NIRA, kisha ndipo uombe pasipoti. Ukianza na pasipoti, utailipia mara mbili. Pasipoti ya kawaida, ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, ni shilingi 250,000, unajaza maombi kwenye mtandao na alama za vidole unatolewa ofisini, Kampala ikiwa Kyambogo. Omba pia cheti cha kuzaliwa cha NIRA wakati huohuo. Siku yoyote kule mtu anaweza kukidai.

Jambo jingine la majina: kama anayekulipia ni baba au mjomba, na jina lake halifanani na lako, andaa mapema maelezo yanayoonyesha undugu wenu. Usisubiri uulizwe.

Hatua ya pili: chuo

Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Unalipa mchango wa muhula, ambao kwa kawaida ni kati ya euro 100 na 400. Lakini usimsikilize anayekuambia kwamba Ujerumani yote ni bure. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza wageni wapya mwaka 2024. Vyuo binafsi vina bei zake, na ndivyo vinavyotangazwa sana na mawakala wa Kampala. Wakala akikutaja chuo, angalia kwanza kama ni cha umma.

Vyuo vingi hupokea maombi kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja inayokagua vyeti vya wageni, ambayo hutoza euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huohuo. Mwisho wa maombi ya muhula wa Oktoba mara nyingi ni tarehe 15 Julai. Hiyo tarehe isikudanganye. Kozi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza hufunga mapema zaidi, nyingine kabla ya mwaka mpya, na mtu wa Uganda anahitaji miezi ya visa juu yake. Mimi nasema hivi: unayetaka kuanza Oktoba, maombi yako yaanze Oktoba ya mwaka uliotangulia. Transkripti peke yake inaweza kukuzungusha chuoni mwezi mzima.

Vyeti vyetu viko kwa Kiingereza, kwa hiyo hakuna gharama ya kutafsiri. Kijerumani jifunze hata kama kozi ni ya Kiingereza. Kampala kuna Goethe-Zentrum pale Bukoto Street, na ngazi mbili za mwanzo zinatosha kusoma barua ya mwenye nyumba.

Ufadhili: DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, ndiyo inayojulikana, na inapendelea watu waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Ambayo watu wetu hawaiombi vya kutosha ni Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, kwa kozi za uzamili. Inakulipa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, ada inalipwa, na unasoma katika nchi mbili au zaidi. Maombi mengi hufunguliwa karibu na Oktoba na kufungwa Januari.

Hatua ya tatu: akaunti iliyofungwa, bima, kisha visa

Bila ufadhili, ubalozi utataka uthibitisho kwamba utajikimu mwaka mzima. Njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, Wajerumani wanaiita Sperrkonto. Unaweka fedha zote kabla ya kusafiri, na ukishafika unaruhusiwa kutoa kiasi cha mwezi tu. Mimi niliweka euro 10,332. Siku hizi, tangu Septemba 2024, ni euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Kwa shilingi zetu inakaribia milioni 50, na kiwango cha euro hakitulii. Hapo ndipo ng'ombe huuzwa, kiwanja kikawekwa rehani, na wajomba wakaitwa kikao.

Ushauri wangu kwa kikao hicho: waambieni wajomba waziwazi kwamba fedha hiyo haipotei, ni chakula na kodi yako ya mwaka mmoja. Na mwaka wa pili mtaulizwa tena. Ndugu akikukopesha kwa kudhani utamrudishia baada ya kupata visa, mmeanza vibaya.

Tuma fedha hiyo kwa uhamisho wa benki, jina la akaunti likiwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Weka zaidi kidogo ya kiwango, maana benki za katikati hukata ada na ikipungua hata euro kumi hupewi cheti.

Bima ya afya ichukue kabla ya kuondoka. Walio chini ya miaka 30 wanaingia kwenye bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, karibu euro 150 kwa mwezi. Ukishavuka 30 bei hiyo ya wanafunzi unaikosa, na unalipa zaidi. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu huenda uzamili tukiwa tumeshafundisha au kufanya kazi miaka mingi, kisha bima inatubomolea hesabu.

Visa ya taifa inagharimu euro 75. Omba miadi siku ileile unapopata barua ya chuo, hata kama akaunti bado haijakamilika, kwa sababu miadi ndiyo inayochelewa.

Sanduku

Koti nunua Owino, yaani soko la St Balikuddembe la Kampala, kwenye mivumba (mitumba). Najua, koti lilitoka Ulaya na sasa unalirudisha kwao. Bei ya Owino bado ni nafuu kuliko ya dukani kule, na wauzaji wa pale wanazijua koti za theluji kwa kuzipima uzito mkononi tu. Viatu vya baridi nunua kule, vya Owino vinateleza kwenye barafu.

Forodha ya Umoja wa Ulaya hairuhusu msafiri kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Samli ya shangazi itaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Matunda na mboga mbichi karibu vyote vinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: nanasi, nazi, durian, tende na ndizi. Ndizi! Matoke ni ndizi. Nimepita forodha na mkungu mdogo uliokatwa vichana, na askari wa forodha akanitazama, akaitazama karatasi yake, akaniambia nipite. Samaki waliokaushwa nao wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu mmoja, kwa hiyo mukene, dagaa wetu, wanapita. Jiko la pamoja la hosteli ndilo litakalokusumbua na mukene, tutafika huko.

Karatasi zote za asili ziwe kwenye begi la mkononi. Kadi ya njano ya homa ya manjano pia, utaidaiwa Entebbe siku ya kurudi.

Hatua ya nne: wiki mbili za kwanza

Hapa ndipo mnyororo ulipo, na nauandika kwa mfuatano kwa makusudi.

1. Chumba. Omba hosteli ya wanafunzi siku unayokubaliwa na chuo. Foleni ni ndefu, miji mikubwa kama Munich ni mateso. Usimtumie mtu fedha ya dhamana kwa chumba ambacho hakuna aliyekiona. Matapeli wanawajua wanafunzi wa kigeni kuliko mnavyodhani.

2. Fomu ya mwenye nyumba. Siku ya kupokea ufunguo mdai karatasi inayothibitisha kwamba umehamia kwake. Mkataba pekee hautoshi.

3. Anmeldung. Ndani ya wiki mbili unakwenda ofisi ya wakazi kuandikisha anwani yako, ukiwa na pasipoti na ile fomu. Kwetu tungesema kujiandikisha kwa LC1, serikali ya kijiji, ila hapa hakuna barua ya shilingi elfu kumi wala mwenyekiti wa kungojewa chini ya mwembe. Cheti unachopewa kinafungua karibu milango yote inayofuata.

4. Benki. Fungua akaunti ya kawaida, kisha ipeleke namba yake kwa watu wa akaunti iliyofungwa ili 992 ianze kuingia.

5. Chuo. Uthibitisho wa bima, mchango wa muhula, kisha unakamilisha usajili na kupewa kadi.

6. Kibali cha ukaazi. Visa yako ni ya miezi michache. Omba kibali kwenye ofisi ya wageni kabla haijaisha, si siku inapoisha.

Umeona penye shimo? Fedha ya akaunti iliyofungwa huanza kutoka kwenye hatua ya nne, wakati dhamana ya chumba inatakiwa kwenye hatua ya kwanza. Njoo na euro 1,200 hadi 1,500 unazoweza kuzitumia mara moja. Hakuna aliyeniambia hilo, na mwezi wangu wa kwanza niliishi kwa kukopa kwa msichana wa Kenya wa chumba jirani. Hadi leo namwita dada.

Kisha kuna sanduku la barua. Tumekulia kwenye P.O. Box ya shule au ya parokia, barua ya mtu mmoja inapita mikono saba. Kule tarishi anakuja mlangoni na kuweka barua kwenye sanduku lenye jina la mwenye barua. Jina lisipokuwepo, anairudisha. Namba ya kodi huja kwa barua. Kadi ya benki huja kwa barua, na namba yake ya siri kwa barua nyingine. Miadi ya ofisi ya wageni, barua. Mimi niliandika jina langu kwa kalamu kwenye kipande cha plasta siku ya tisa, baada ya kuuliza kwa nini kadi ya benki haiji. Fanya hivyo siku ya kwanza kabla hujatandika kitanda.

Utapokea pia barua inayodai mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Si utapeli, ingawa inafanana nao. Mnaoishi nyumba moja mnalipa mara moja, mgawane.

Saa

Mswahili anahitaji somo hili peke yake. Sisi saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo kila saa ya Mzungu tunaipunguzia sita. Hilo tumelizoea. Sasa ongeza Kijerumani: wao wakisema halb neun, yaani nusu tisa, hawamaanishi saa tisa na nusu ya kwao. Wanamaanisha nusu ya kuiendea tisa, 8:30, kwetu saa mbili na nusu asubuhi. Niliambiwa kwa simu nifike ofisi ya wageni halb neun. Nikajipigia hesabu zangu, nikafika saa tatu na nusu, nimechana nywele vizuri, na miadi iliyofuata ilikuwa baada ya wiki sita. Kosa langu mwenyewe. Tangu hapo mtu akinitajia saa ya nusu namwomba aiandike kwa tarakimu.

Kwenye ratiba ya chuo utaona herufi c.t. au s.t. mbele ya saa. Ni Kilatini. C.t. maana yake kipindi kinaanza robo saa baadaye, s.t. kinaanza dakika ileile. Ukiona 10 c.t. mwalimu ataingia saa nne na robo. Ndiyo robo saa pekee ya kuchelewa utakayopewa Ujerumani, itunze.

Mitihani nayo ina siku zake za kujiandikisha kwenye mfumo wa chuo. Kuhudhuria darasa muhula mzima hakukupi haki ya kukaa kwenye mtihani kama hukujiandikisha. Alama zao utazizoea haraka ukikumbuka UNEB ya zamani: moja ndiyo bora. 1.0 ni ya juu kabisa, 4.0 umepita kwa kuponea, 5.0 umeanguka. Kozi nyingi zinakuruhusu kurudia mtihani uleule mara moja au mbili tu, baada ya hapo unaondolewa.

Kwa simu za nyumbani: Uganda iko mbele kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, kwa sababu wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mama yangu hakuwahi kuliamini hili. "Saa ya serikali inasogezwaje?"

Na lipo giza. Kwetu jua linatoka saa moja na kuzama saa moja, mwaka nenda mwaka rudi. Desemba Bayreuth jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni, likionekana kidogo tu hapo katikati. Watu wetu wengi hudhani wanaumwa au wamerogwa, kumbe ni Desemba. Toka nje mchana hata dakika ishirini, muulize daktari kuhusu vitamini D, na usikae chumbani siku mbili mfululizo.

Jiko

Mensa, kantini ya chuo, itakulisha mchana kwa bei ya mwanafunzi. Jioni unajipikia. Unga mweupe wa posho (ugali) unapatikana kwenye maduka ya Waafrika katika miji mikubwa. Usipoupata, unga wa ngano wa chenga unaoitwa Grieß unasongeka vizuri, rangi tu ndiyo tofauti. Ndizi za kupika zinazouzwa kule si matoke, ni ndizi ndefu za kukaanga. Ukizimenya na kuzifunga kama matoke utajuta.

Sasa mukene. Jiko la hosteli linatumiwa na watu kumi, na dirisha hufungwa kwa baridi. Siku niliyokaanga mukene, king'ora cha moshi kilinyamaza, ila majirani hawakunyamaza. Tukaelewana: mukene wanapikwa Jumamosi mchana, madirisha wazi, na anayetaka aje aonje. Mvulana wa Korea ndiye aliyekuja, akala akamaliza.

Chupa na makopo usitupe. Chupa ya plastiki na kopo vina dhamana ya senti 25, unavirudisha kwenye mashine ya dukani. Takataka zinatengwa kwa rangi za mapipa, muulize jirani za mji wako. Baada ya saa nne usiku hakuna kelele, na Jumapili mchana kutwa hakuna kutoboa ukuta.

Bayreuth ilinipa kituko kimoja ambacho huenda hutakipata mji mwingine: chuo chake kinafundisha Kiswahili, na kila mwaka wataalamu wa Kiswahili hukutana pale kwenye kongamano. Mimi wa Busia, niliyejifunza Kiswahili sokoni na kwa madereva wa malori mpakani, nikarekebishwa ngeli na Mjerumani mwenye ndevu nyekundu. Alikuwa na haki.

Kazi, na simu kutoka nyumbani

Tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka. Kazi ya usaidizi chuoni haihesabiwi humo, ndiyo maana ni ya kugombania. Mshahara wa chini kisheria ni euro 13.90 kwa saa tangu Januari 2026. Ukizidisha siku, ofisi ya wageni itaziona kwenye karatasi za kodi, na kibali chako ndicho kitakacholipa.

Nyumbani watakuomba fedha kabla hujapata mwezi wa pili. Wanajua uko Ulaya, hawajui kwamba unaishi kwa 992 ambayo kodi ya chumba inaweza kula nusu yake. Mimi nilimwambia kaka yangu mkubwa hesabu yote, kila euro, na nikamwachia yeye kuwajibu wengine. Nilichoweza kutuma nilituma mara moja kwa miezi mitatu, moja kwa moja kwenye simu ya mama. Linganisha programu mbili tatu za kutuma fedha kwanza. Nyingi zinaficha faida yao kwenye kiwango cha kubadilishia, si kwenye ada.

Safari

Sasa raha yenyewe. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani, pamoja na pasipoti iliyo hai, inakuruhusu kutembea nchi zote za Schengen, yaani zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwa siku 90 ndani ya kila siku 180, bila visa nyingine. Tangu Januari 2025 ni nchi 29 zenye mipaka wazi kwa barabara na anga. Hapa ndipo watu hukosea: Uingereza haimo. Ireland iko Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Uswisi na Norway haziko Umoja wa Ulaya lakini zimo.

Mipaka wazi haina maana kwamba hakuna askari. Nilirudi kutoka Vienna kwa basi la usiku, pasipoti nikiwa nimeiacha chumbani kwa kuogopa kuibiwa, mkononi nina kadi ya ukaazi tu. Saa tisa usiku basi likasimamishwa mpakani. Nilisimama kwenye baridi karibu saa nzima huku wakinitafuta kwenye mashine zao, na abiria wote wakinisubiri. Waliniachia, lakini ukimya wa basi lile nausikia bado. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Vyote viwili, pasipoti na kadi, kila safari.

Kama kadi imeisha na umepewa karatasi ya muda, soma kisanduku kilichotiwa alama kabla ya kukata tiketi. Aina moja inakuruhusu kutoka na kurudi Ujerumani, nyingine hairuhusu. Waulize ofisini, usiulize kwenye kundi la WhatsApp.

Nauli: vyuo vingi vina tiketi ya muhula ya Ujerumani nzima, kwa asilimia 60 ya bei ya tiketi ya kawaida ya nchi nzima. Tiketi hiyo ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na tangu Januari 2026 ni 63, kwa hiyo mwanafunzi analipa 37.80 kwa mwezi. Inapanda treni za mikoa, mabasi na tramu, wala haipandi treni za kasi za ICE. Nimezunguka nchi nzima kwa treni za polepole, Bayreuth hadi Hamburg kutwa nzima, kitabu na kikapu cha chakula. Usifanye hivyo siku ya kuwahi ndege. Treni za Ujerumani huchelewa kuliko mnavyosimuliwa, na mabadiliko ya dakika tano kati ya treni mbili ni kamari.

Kwenda nchi nyingine, basi la usiku ndilo nafuu. Interrail, pasi ya treni ya wakazi wa Ulaya, nawe unaruhusiwa kuinunua kwa sababu ni mkazi, na hadi miaka 27 una bei ya vijana. Ndege za bei nafuu soma masharti ya begi kwa sentimita, na baadhi zinataka asiye raia wa Ulaya aonyeshe hati zake kaunta kabla ya ukaguzi, hata kama tiketi iko kwenye simu.

Mahali ambapo ningemtuma mdogo wangu kwanza ni Luxembourg. Si kwa uzuri, ingawa mji umekaa juu ya mabonde kama Kabale. Tangu Machi 2020 mabasi, tramu na treni za daraja la pili ni bure nchi nzima, na unaweza kwenda bure hadi Schengen yenyewe, kijiji kidogo kando ya mto Moselle ambako mkataba ulitiwa saini mwaka 1985. Nilikaa pale nikila chapati na kuangalia ng'ambo ya mto, Ujerumani, hakuna hata kizuizi. Nikakumbuka foleni ya malori ya Busia.

Paris, nenda kabla hujatimiza miaka 26. Wakazi wa Ulaya walio chini ya umri huo huingia Louvre bure, na mkazi ni wewe ukiwa na kadi. Prague wanatumia korona, si euro, usibadilishie fedha kwa watu wa barabarani.

Kwenda likizo, na kuondoka

Ukija Uganda kwa utafiti au likizo, hesabu miezi. Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ruhusa ya ofisi ya wageni, kibali kinakufa chenyewe. Kama utafiti wa shamba ni mrefu, omba muda kwa maandishi kabla ya kuondoka.

Ukimaliza masomo unaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi, na katika miezi hiyo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Ukiamua kurudi moja kwa moja, mnyororo unaufungua kinyumenyume: mpe mwenye nyumba notisi, kwa kawaida miezi mitatu; futa usajili wa anwani; kwa cheti cha kufuta hiyo simamisha bima na ule mchango wa televisheni. Akaunti ya benki usiifunge haraka. Dhamana ya chumba hurudi baada ya miezi, yangu ilichukua minne, na hawatumi kwa Airtel Money.

Kisha bandua jina lako kwenye sanduku la barua, umwachie nafasi anayekuja.